Madumu Mia na Ishirini ya Kwaresima

Jumatano, 22 Februari

Dada yangu mpendwa Olimpia, salamu nyingi katika jina la Bwana. Hujambo huko Padova? Mgongo unaendeleaje? Na yule bibi mzee unayemtunza, bado anakurushia vijiko? Sisi hapa kijijini ni wazima, Mungu ashukuriwe. Nimenunua daftari hili ili niandike kila linalotokea, kisha nimpe dereva wa basi la Italia akuletee. Kuna mambo siwezi kumwambia mtu mwingine yeyote. Hasa wifi yako Safta.

La kwanza: ng'ombe nimembadilisha.

Usishtuke! Fikiria mwenyewe. Ng'ambo ya mpaka kuna vita, alizeti imekwama bandarini, bei ya mafuta inapanda tu. Jumatatu Kwaresima Kuu yetu Waorthodoksi inaanza. Kijiji kizima kitaweka kando mafuta ya nguruwe siku arobaini na nane na kukaangia alizeti. Nyumba mia mbili na kumi! Na mafuta atakuwa nayo nani? Mimi. Tudose mwenye duka amenipa madumu mia na ishirini ya lita tano tano, nami nimempa ng'ombe wetu Dumana. Tumeandikiana na karatasi: nikimletea pesa yake, lei elfu sita, kabla ya Jumapili ya Matawi, Dumana anarudi nyumbani. Nisipoleta, ng'ombe ni wake, na ndama aliye tumboni ni wake pia.

Tudose alinishika mkono muda mrefu sana. Akasema, kaka Pamfil, ungezaliwa mjini wewe ungekuwa waziri.

Ijumaa, 24 Februari

Tudose amekuja kumchukua Dumana, na Safta amejua. Aliingia zizini na ndoo, akatoka na ndoo. Jioni alipakua chakula. Ndipo akauliza kwa upole kama asubuhi akamue dumu.

Nilimweleza mambo ya bei na soko. Akasema yeye hajui soko, anajua kwamba Dumana anazaa wakati wa Pasaka na hana mwingine. Akalia. Sikupenda, dada. Nimeapa mbele ya picha ya Mama wa Mungu kwamba Dumana atarudi.

Jumapili, 26 Februari

Jumapili ya kusameheana. Baada ya ibada nilizunguka uani kwa kanisa nikiomba msamaha kwa kila mtu, na papo hapo nikiuliza kama nyumbani kwake kuna mafuta ya kutosha.

Hatari! Imani imepoa. Bibi Paraschiva anasema mwaka huu atafunga wiki ya kwanza na ya mwisho tu, katikati daktari kamkataza. Daktari gani? Wengine hivyo hivyo. Wakiendelea kula soseji, mafuta yangu atanunua nani?

Nilikwenda kwa Padri Sofronie. Nikamsihi awahubirie watu wafunge kikamilifu, bila huruma, kama wazee wetu. Macho yake yalijaa machozi. Akasema, mwanangu, miaka kumi na tisa niko hapa, hakuna aliyewahi kuniomba jambo hilo.

Nami nililia kidogo. Kwa dhati kabisa. Moyo wa mtu una vyumba vingi.

Jumapili, 5 Machi

Balaa.

Padri alihubiri saa nzima. Sauti kama radi. Tufunge kama watawa mlimani! Hakuna nyama, hakuna mayai, hakuna maziwa. Nikatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Na Jumatatu hadi Ijumaa, akasema, hakuna mafuta.

Olimpia, nilikuwa nimesahau! Iko kwenye kalenda ya kanisa, imeandikwa wazi, nami nimefunga miaka thelathini nikikaangia vitunguu vyangu kila siku bila wasiwasi. Kila mtu hapa alifanya hivyo. Padri naye alijua, akatuachia. Sasa mafuta ni Jumamosi na Jumapili tu, tena kidogo.

Kisha akaninyooshea kidole. Akasema tumshukuru Bwana Pamfil, ndiye aliyeomba. Wanawake wote wakageuka. Paraschiva akanong'ona, kwa sauti ya kusikika hadi mnarani, kwamba ng'ombe nimeshamla sasa nawageukia majirani.

Safta amechemsha maharage kwa maji matupu. Tumekula na ugali tukitazamana. Chini ya sakafu, lita mia sita za mafuta.

Alhamisi, 16 Machi

Nimeuza madumu manne. Lakini nimepata wazo, na hili ni la kisiasa.

Ulisikia meya wetu amekwenda Ujerumani kuendesha lori? Mshahara mara tatu wa umeya, angebaki kwa nini? Uchaguzi wa kuziba nafasi ni tarehe 26. Mgombea mwenye nguvu ni Injinia Bostan, yule aliyekodi mashamba ya wote waliohama, pamoja na kile kipande chako. Na hapa kwetu, dada, hotuba haziliwi. Mwenye kutaka kura huja na unga, sukari au mafuta. Watu husema siasa ni mambo ya mji mkuu. Siasa imekaa kwenye kikaango!

Nilivaa koti la harusi, nikaenda kumuuzia injinia shehena yote.

Alinipokea vizuri. Kahawa. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua mlango wa ukumbi, nikaona madumu yamepangwa hadi darini, yenye picha ileile ya ua kama yangu. Injinia ana kinu chake mwenyewe cha kukamulia! Ndiye anayemuuzia Tudose. Akaniambia kwa huruma kwamba Tudose alijua tangu Januari kuwa kila nyumba itapewa dumu la bure, naye injinia akashangaa kwamba mimi, jirani wa Tudose, sikuambiwa.

Alizeti ya shamba lako, dada, imekamuliwa, nami nimeinunua kwa ng'ombe.

Akanipa dumu langu la mpiga kura. Nililichukua. Kukataa zawadi ni kiburi.

Jumatano, 22 Machi

Madumu yamegawiwa kijiji kizima. Kila ngazi ya nyumba ina dumu, kama maua. Tudose ameshusha bei hadi nusu na ananiuliza kwa adabu mimi nauzaje. Anasema Dumana anakula vizuri, anampigia redio.

Paraschiva alikuja kuniuzia lake. Anasema shida yake ni kuni, mafuta hana haja nayo wakati huu wa saumu, na mwanzilishi wa saumu hii kali eti namjua vizuri mimi mwenyewe. Nilimpa lei kumi na tano. Ilikuwa bei nzuri mno, nisingeweza kuiacha.

Jumapili, 26 Machi

Injinia ameshinda kwa kura nyingi. Nami nimempigia. Ningefanyaje? Dumu nililipokea, na kula cha mtu kisha kumnyima ni dhambi. Kwenye foleni wote tulisema hivyo hivyo, tena kwa uchungu. Paraschiva tu ndiye alimpigia mwingine. Anasema dumu lake aliliuza, kwa hiyo yuko huru.

Jumamosi, 8 Aprili

Kesho ni Jumapili ya Matawi. Mfukoni nina lei mia nne.

Asubuhi niliamka nikakuta Safta hayupo. Madumu nayo hayapo! Nilidhani wezi. Kumbe amekodi gari la binamu yake, ameyapeleka yote mjini kwa mama mmoja anayekaanga maandazi stesheni. Watoto wa shule hawafungi. Kauza kwa nusu bei, dumu kwa dumu, pasipo kunipa hata nafasi ya kueleza.

Mchana nilisikia kengele ya shingoni kwa Dumana getini. Safta anamvuta kwa kamba, ametapakaa matope. Pesa nyingine alitoa wapi? Sikuuliza. Niliingia chumbani nikaona. Lile zulia la waridi alilofuma bibi yake kwa ajili ya harusi yetu halipo. Ukutani limebaki pande jeupe la mstatili, na msumari.

Nilikaa kitandani. Safta akaja, akakaa kando yangu. Akasema nisimame nimpe ng'ombe maji. Basi, hilo tu. Nikaapa tena, safari hii kwa kupiga magoti: sitamgusa Dumana maisha yangu yote.

Jumanne, 11 Aprili

Dada, harakaharaka, basi linaondoka saa tisa.

Pasaka ni Jumapili. Kila nyumba itahitaji mayai ya kupaka rangi nyekundu. Na wilaya ya jirani kuna homa ya kuku! Kweli kila nyumba hapa ina kuku wake, lakini homa haina mpaka. Tudose ana mayai elfu tatu na, kwa sababu ya majuto, ndivyo alivyosema, yuko tayari kuniachia yote. Hataki ng'ombe. Ndama tu, akishazaliwa.

Nimepitia kiapo changu neno kwa neno. Nilimtaja Dumana. Ndama sikumtaja.

Mayai yako chini ya sakafu. Usimwambie wifi yako. Unaonaje, nianze kuuza kesho au ningoje Ijumaa bei ipande? Nijibu upesi.

Kaka yako, Pamfil