Bi Mkubwa Hazimi Mbele ya Watu

Jumatatu, tarehe 6 Machi

Nina miaka sabini na nane. Nimeishi kuliko wake wawili, madaraja matatu, daktari aliyenipa miezi sita, na redio nne zilizotangaza kwamba mafuta yanakaribia kuisha duniani. Redio zimekufa. Mafuta yapo. Mimi nipo.

Darasa la pili nililimaliza, la tatu likanimaliza. Lakini kichwa ninacho.

Leo wamebandika tangazo kwenye ukuta wa shule. Alhamisi kamati ya serikali inakuja kuuliza wananchi: je, nchi ijiandae kwa maisha bila mafuta? Nimecheka mpaka meno ya bandia yakahama.

Binti yangu hakucheka. Yeye ndiye anayeendesha mashine yetu ya kusaga. Mimi ni mkurugenzi, nakaa kwenye kiti. Anasema kifua chake kimekwisha kwa moshi wa Bi Mkubwa. Bi Mkubwa ni injini yetu ya dizeli, ana miaka arobaini na moja. Jina alimpa marehemu mke wangu, kwa wivu. Sasa binti anataka Bi Mkubwa aende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, tufunge mota ya sola. Na sola anafunga nani? Shemeji! Mdogo wake marehemu, mtu ambaye spana nilimshikisha mimi.

Tumebishana mpaka chai ikapoa. Tukaafikiana hivi: ukumbi wa shule na mashine yetu ni ukuta mmoja. Bi Mkubwa ndiye atakayetoa umeme wa spika za mkutano. Akiunguruma mwanzo hadi mwisho, anabaki. Akizima mbele ya watu, anauzwa. Nimekubali haraka kabla binti hajabadili mawazo.

Jioni nikaenda kunyolewa. Nikamnong'oneza kinyozi, siri kabisa, kwamba kamati inakuja kwa sababu mafuta yameshaisha, serikali inaona haya kusema. Lengo: watu wapandwe na hasira, waje wengi, wapinge. Kinyozi akaapa hamwambii mtu. Mwanamume wa maana.

Jumanne, tarehe 7 Machi

Mpango umeshika! Foleni ya kituo cha mafuta imefika posta. Watu wana madumu, wana ndoo, mmoja kaja na birika la chai. Nimewaonea huruma, hawana habari kama mimi.

Binti kauliza dizeli yetu imebaki kiasi gani. Nikamjibu mkurugenzi haulizwi mambo ya madumu. Nitakwenda kesho, foleni ikipungua.

Shemeji kapita. Kaniamkia vizuri, shikamoo shemeji, kisha kauliza kama aniletee betri ya akiba Alhamisi, lisije likatokea la kutokea. Nikamwambia akailalie, labda itamtotolea akili.

Jumatano, tarehe 8 Machi

Foleni imepungua. Kituo kimekauka! Pampu zimefunikwa magunia. Mhudumu kasema dizeli inaingia Jumamosi. Nikamuuliza ni mpumbavu gani aliyeanzisha uvumi huu. Kasema hajui, yeye kasikia kwa kinyozi.

Kinyozi! Watu wa siku hizi hawana siri.

Nikachovya kijiti kwenye tenki la Bi Mkubwa. Kikatoka kikavu.

Na balaa limepanuka. Watu waliposikia mafuta, hawakuuliza mafuta yapi. Dukani ya kupikia yamekwisha. Ya taa yamekwisha. Hata ya kujipaka! Mtaa mzima una mafuta chini ya kitanda na magoti yamepauka.

Hapo akili ikafanya kazi yake. Fundi mmoja wa zamani aliwahi kuniambia injini ya dizeli hainusi, hunywa tu. Nikaenda kwa jirani mkaanga samaki. Ana dumu la mafuta yaliyochoka, meusi, alitaka kuyamwaga. Kanipa yote. Nimeyachuja kwa soksi. Soksi ilikuwa safi. Upande mmoja.

Alhamisi, tarehe 9 Machi

Siku ya ushindi. Naandika kila kitu.

Saa tatu nikazungusha hendeli. Bi Mkubwa akakohoa, akapiga chafya, akawaka! Spika zikaamka. Moshi ukapita dirishani ukaingia ukumbini ukinuka samaki wa kukaanga. Mwenyekiti wa kamati, mama mwenye miwani, akakatiza salamu zake kuuliza nani anapika. Kisha wakaja paka. Kwanza wawili, halafu paka wa mtaa mzima, wakakaa mstari wa mbele, kwenye viti vya wageni.

Muuguzi wa zahanati akasimama. Akasema nchi bila mafuta tumeionja juzi na jana. Gari la zahanati limelala, yeye amekwenda kumzalisha mtu kwa miguu, mkoba kichwani. Chanjo zimepona kwa sababu friji inatumia sola. Akasema tujiandae sasa tukiwa tunayo, maana siku ya magunia kwenye pampu hakuna anayejiandaa, kuna wanaosukumana tu. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga kidogo, kwa sababu siku mbili hizo nilizileta mimi.

Zamu yangu ikafika. Nikashika maikrofoni kama nimezaliwa nayo. Ndugu zangu, nikasema, mafuta hayaishi! Sauti hii mnayoisikia ni mafuta! Nimeambiwa yanaisha tangu sijaota ndevu, na leo—

Bi Mkubwa akasema puuu.

Spika zikafa. Paka wakanitazama.

Shemeji, bila kutumwa, akachomeka waya kwenye betri yake. Spika zikarudi. Nikamalizia: —na leo yapo! Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Walifurahia hoja.

Mwenyekiti akaniuliza injini ilikuwa inatumia nini. Nikasema kweli, mafuta ya samaki wa jirani. Akageuka kwa katibu wake, akamwambia aandike: hapa kuna mzee wa miaka sabini na nane aliyejiandaa kabla ya serikali. Nikapigwa picha na Bi Mkubwa. Na paka wanne.

Ijumaa, tarehe 10 Machi

Binti anadai kashinda. Nikamfafanulia taratibu. Mkutano uliisha nilipofungua mdomo, kwani baada yangu nani alikuwa na la kuongeza? Kwa hiyo Bi Mkubwa alizima mkutano ukiwa umekwisha.

Binti akakohoa, akafuta mdomo, akanionyesha leso. Nyeusi. Nikatazama ukutani kidogo. Ukuta unahitaji rangi.

Fundi kamfungua Bi Mkubwa. Kaganda ndani kama supu ya jana. Shemeji anafunga mota kesho. Binti kasema basi hamuuzi. Atamweka mlangoni, nimkalie badala ya kiti. Sasa nani kashinda?

Jumamosi, tarehe 11 Machi

Mota imefungwa, vioo vya sola viko juu ya paa letu. Haina sauti kabisa, watu wanasaga kama wanaiba. Binti hajakohoa tangu asubuhi. Ni hali ya hewa. Shemeji kasimama mlangoni anachekea kila mteja, ananiambia shemeji, pole na vyuma.

Nikakaa juu ya Bi Mkubwa, nikawaza. Kisha nikaenda kwa kinyozi. Nikamnong'oneza, siri kabisa, kwamba jua nalo linakaribia kuisha. Kaapa hamwambii mtu.

Saa nane mchana kila kamba ya nguo mtaani imejaa. Mashuka, mazulia, godoro la muuguzi. Watu wanawahi! Suruali yangu yenye harufu ya samaki nimeifua, nimekosa pa kuianika, nimeivaa mbichi. Mkaanga samaki naye kakosa kamba, akapanda kwenye paa letu, akatandaza mablanketi yake matatu juu ya vioo.

Mota ikasita. Ikanyamaza.

Nikaruka juu! Si nilisema? Jua limeisha, na siku ya kwanza tu!

Anayedhani nimetia chumvi amuulize kinyozi. Ni mtu wa siri, lakini atamwambia.