Ernesta Avuka Uwanja wa Zahanati

Wekeni ungo chini, enyi mnaochambua maharage; zimeni redio, enyi vijana wa bodaboda wa njia ya Titye. Naisimulia safari ya Ernesta binti Majaliwa, Mwenye Mgongo Usiopumzika, mama wa watatu katika miaka minne, aliyevuka uwanja wa zahanati kutoka benchi la kupimia watoto hadi mlango namba tatu: hatua kumi na nane, mbele ya macho yote ya dunia!

Kila mtu alijua mlango namba tatu ni wa uzazi wa mpango. Septemba Ernesta alitakiwa kuanza masomo ya ualimu chuoni Kasulu, na mimba moja tu ingeifuta Septemba hiyo. Mumewe Bazilio alikubali kwa sharti moja: "Mama asijue." Kwa maana Mama Bazilio, Ngome ya Ukoo, aliyezaa tisa, kila jioni alimtazama mtoto Ange na kutangaza, "Huyu anataka mdogo wake." Basi Ernesta akaingoja siku ambayo mkwewe aliaga kwamba anakwenda kusali jumuiya.

Benchini majemadari walikuwa wameshafungua baraza la vita.

"Sindano!" akanguruma Winnie, Bingwa wa Miezi Mitatu. "Mume atapekua mkoba, atapekua godoro. Damu yangu ataipekuaje?"

"Ila ukitaka mtoto tena, inaweza kukuchelewesha," akajibu Esteri. "Mimi nilishika vidonge. Vinataka kila siku, saa ile ile. Nikavisahau wakati wa kuvuna mahindi." Akamwinua mtoto mnono mapajani. "Huyu hapa. Anaitwa Cleophas."

"Na kitanzi?" akanong'ona Ernesta.

"Miaka kumi!" akasema Winnie. "Dada yangu anacho. Shemeji alianza kukisikia siku alipoambiwa kipo."

"Kondomu je?"

"Hiyo inakinga na maradhi pia," akasema Esteri. "Lakini mume wangu Marselino anaitunza kama mbegu ya mwakani."

Wakacheka hata mizani ikatikisika. Ernesta hakucheka. Akamfunga Ange mgongoni, akainuka, akaondoka kama jeshi la mtu mmoja. Hatua ya tano, benchi zima likageuka kumtazama. Hatua ya kumi, mwalimu wa kwaya akamsalimia, "Mwakeye!" naye akaitikia bila kugeuza shingo. Hatua ya kumi na saba akanyoosha mkono kushika kitasa.

Mlango ukafunguka kutoka ndani. Akatoka Mama Bazilio, bandeji mpya kwenye mkono wa kushoto.

"Ernesta."

"Mama."

"Umekuja kumpima mtoto."

"Ndiyo, mama. Na wewe?"

"Presha."

Kule benchini Winnie akakohoa. Mama Bazilio akaitazama bandeji, akamtazama mkamwana wake, kisha akajinyoosha kama anayehutubia mataifa.

"Binti Majaliwa! Nina miaka arobaini na sita, na baba mkwe wako bado hajui kuzeeka. Hiki hapa chini ya ngozi ni kijiti changu cha pili. Unadhani baada ya huyo wa tisa nilipumzika kwa maombi peke yake?" Akashusha sauti. "Nipe mtoto, uingie. Chukua kijiti, miaka mitatu usome kwa amani. Vidonge usiviguse, nakujua. Hata chumvi unasahau."

Akampokea Ange kwa mkono wa kulia. Ernesta akaingia, macho yamemjaa machozi. Muuguzi Careen akamweleza njia zote upya, moja baada ya nyingine, pamoja na damu ya mwezi ambayo kijiti huweza kuivuruga. Akachagua mwenyewe.

Nyumbani Bazilio akakuta ndoo tupu, na mashujaa wawili wameketi.

"Mbona nyote mna bandeji mkono wa kushoto?"

"Tumeteleza," akasema mama yake.

"Nyote wawili?"

"Njia ni ile ile moja."

Siri ya mkono mmoja aliijua. Wa pili ukamshinda. Akaokota ndoo.

Basi vizazi vijavyo, vichache na vyenye nafasi, vifahamu hivi: kwamba msimu ule wa maharage Bazilio aliteka maji mchana kweupe, wanaume wenzake wakimwona, na Ange, Malkia wa Mgongo, akabaki kitindamimba.