Daktari wa Mifugo wa Bonde Letu

Alhamisi, 11 Aprili
Zimebaki siku nne maombi ya vyuo yafungwe. Sunniva wangu, miaka kumi na tisa, maksi za juu ajabu, bado hajaomba popote! Na mimi nimeshatangaza kwenye duka la ushirika kuwa anakwenda kusomea udaktari wa mifugo. Jirani yangu Oddny akaniuliza, kwa sauti laini kama siagi, kama Sunniva mwenyewe anayo habari. Kijicho tu. Mwanawe anasomea kuoka mikate.

Ijumaa, 12 Aprili
Anayo habari. Udaktari hautaki. Ati atakuwa fundi wa nyaya za umeme, nafasi ya uanagenzi iko papa hapa bondeni. Kukwea nguzo! Nikamwambia kuwa juu ya nguzo hata kunguru hufika, tena bila cheti. Akasema: basi huo udaktari uombe wewe, Mama, utafaulu. Baba yake akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Nimewafichia wote wawili jibini ya kahawia waipendayo. Wakome.

Jumamosi, 13 Aprili
Akili imenijia. Ni msimu wa kondoo kuzaa. Nikampigia Torleiv, daktari wa mifugo wa bonde: kondoo hali mbaya, mwana amekaa vibaya tumboni. Si kweli, lakini Sunniva akimwona daktari kazini, mkono ndani hadi kwapani, moyo si utalainika? Nikamchagua kondoo mnene kuliko wote.

Torleiv akaja. Hajalala tangu Jumatano. Akamkagua kondoo, kisha akanikagua mimi. Akasema huyu hana mimba. Ana alama nyekundu mgongoni, maana yake tumbo tupu. Alama nilimpaka mimi mwenyewe Februari, siku ya kupimwa mimba!

Nikamkaribisha supu, nikamwomba amsimulie Sunniva raha za kazi. Akasimulia. Mgongo unaouma. Mke aliyeondoka. Simu za kuitwa kazini Krismasi. Akasinzia, kijiko mkononi. Sunniva akamfunika blanketi. Huruma ile! Daktari kamili.

Jumapili, 14 Aprili
Kanisani Oddny akauliza kama kondoo wangu tasa amejifungua salama. Bonde zima linajua. Akaongeza: usijione sana, Borghild. Nikamjibu sijioni, naonekana.

Jumatatu, 15 Aprili
Sunniva amenikalisha chini. Mkataba wa uanagenzi ameshautia saini. Akaniuliza: dhoruba ya Januari ilipokata umeme siku tatu, bonde zima lilikuwa likimngoja nani? Daktari wa kondoo? Sikulia. Nililia kidogo. Kitunguu.

Jumanne, 16 Aprili
Nimewaza vizuri. Ana haki mwanangu, na mimi nimekoma kuingilia. Dukani nimesema tu kuwa atakuwa mkurugenzi wa umeme wa Norwei nzima. Oddny akakohoa.

Shida moja: bosi wake mpya hajui amepata lulu ya namna gani. Nimepiga simu kampuni yao. Nimesema waya umeanguka zizini, unatema cheche. Wanakuja magari mawili, na bosi mwenyewe.

Uji wa krimu, ule wa wageni wa heshima, uko motoni.