Mbuzi Aliyevaa Khanga

"Inatangazwa kwa wakazi wote wa Kigoma na Ujiji, wenyeji na wahamiaji, waliokimbia na waliokimbiliwa, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mtu atakayeruhusiwa kuwa na lugha zaidi ya moja. Mwenye lugha ya ziada aisalimishe maktabani. Mnaombwa utulivu."

Gari la matangazo lilipita na maneno hayo kutoka Katubuka hadi Ujiji, likageuza, likarudi nayo. Mwaloni, kando ya ziwa, wanawake waliokuwa wakianika dagaa waliinua vichwa, wakasikiliza, wakainama tena. Miaka ile ya wakimbizi matangazo yalikuwa mengi kuliko mvua. Mara chemsheni maji, mara chimbeni vyoo, mara msiwauzie wageni kuku. Hili la lugha angalau halikuhitaji kuni.

Kwenye kiti cha mbele cha gari alikaa Bwana Bonaventura, Mkutubi Mkuu wa Maktaba ya Lugha za Wakazi. Alikuwa ameridhika, ila kuridhika kwake hakukuonekana usoni. Hakuna kitu cha Bonaventura kilichowahi kuonekana usoni. Watu wa Ujiji walisema meno yake unayafahamu mswaki peke yake.

Bonaventura alitaka jambo moja tu hapa duniani, nalo ni uhamisho. Kila asubuhi alipofungua dirisha, harufu ya dagaa iliingia kabla ya mwanga. Makao makuu yalikuwa yamemwahidi kiti Dar es Salaam, ofisi yenye feni na karani wa kuleta chai, mara tu Mkurugenzi atakapokuja kufungua maktaba na kuona mambo yamekaa sawa. Begi lake lilikuwa limeshafungwa. Asubuhi alitoa shati moja, jioni akalirudisha mahali pake akafunga zipu.

Maktaba yenyewe ilikuwa kwenye godauni la zamani la mawese, pembeni ya vichanja vya dagaa. Vitabu vilikuja kwa treni, maboksi kwa maboksi, zawadi ya watu wema wa mbali. Vilikuwepo vya Kiswahili, vya Kirundi, vya Kibembe, vya Kifaransa, na vya Kiha vichache, vyembamba kama chapati za mwisho wa mwezi. Watu wema waliomba kitu kimoja, waambiwe kila lugha imepata wasomaji wangapi.

Mtu asiye na elimu angefungua makabati, akasema karibuni, basi. Bonaventura alikuwa na elimu. Aliita Kamati ya Uthibitisho wa Lugha za Wakazi, akaieleza hatari.

"Mtu mmoja akisoma kwa lugha tatu, atahesabiwa mara tatu," alisema. "Mji utakuwa na wasomaji wengi kuliko wakazi. Mkaguzi atauliza hao wengine wanalala wapi."

Kamati iliogopa. Hapakuwa na pa kuwalaza.

Kwanza wakajaribu kuwauliza watu. Ikawa kazi bure. Agnesi, mkulima wa Kidahwe, alijibu kwamba na mama yake anaongea Kiha, sokoni Kiswahili, kwa shemeji zake Kirundi, na akitaka kugombana anatumia Kibembe, maana kinauma zaidi. Alipoambiwa achague moja, aliuliza kama asigombane tena au asiende tena sokoni. Bonaventura akasema swali hilo litapelekwa ngazi ya juu.

Hapo ndipo Bi Mwanakombo aliposafisha koo. Alikuwa bibi wa Ujiji, mjumbe wa Kamati upande wa wazee, na kwenye vikao vyote alikuwa akishona kofia. Hakuinua macho kutoka kwenye sindano.

"Mwanangu, ulimi unadanganya. Tumbo halidanganyi," alisema. "Mchekeshe mtu. Lugha itakayomchekesha, ndiyo yake."

Wajumbe wengine waliangalia dari. Walimjua Bi Mwanakombo. Alikuwa mtu wa kukutania msibani, ukacheka wewe, ukatolewa wewe. Bonaventura hakumjua. Aliona pendekezo lina mantiki, halina gharama, na halihitaji vifaa. Likapita siku hiyo hiyo kwa jina la Kipimo cha Kicheko. Mtu akicheka, atafungwa utepe wa lugha hiyo mkononi na kuonyeshwa kabati lake. Akicheka mara ya pili kwa lugha nyingine, huo ni udanganyifu. Asiyecheka kabisa hana lugha, na asiye na lugha haingii maktabani. Sheria iwe kwa wote, mkubwa na mdogo. Bonaventura aliisisitiza hiyo ya mwisho mwenyewe, kwa wino mwekundu, akaibandika ukutani.

Sasa ikatakiwa hadithi ya kupimia. Bi Mwanakombo alisema yeye ataisimulia kwa Kiswahili. Kwa Kirundi na Kiha alimleta Leonia, mama wa Burundi aliyevuka na mtumbwi hadi Kagunga mwaka wa vita, akawa anauza samaki wa migebuka wa kukaanga. Kibembe na Kifaransa vilipewa fundi cherehani mmoja kutoka ng'ambo ya ziwa. Hadithi ilikuwa moja kwa lugha zote, ili kipimo kiwe cha haki.

Palikuwa na bwana mmoja aliyesikia serikali inakuja kuhesabu mbuzi. Akamchukua mbuzi wake wa pekee, akamvisha khanga za mkewe, akamkalisha jikoni. Karani wa kuhesabu akaja, akachungulia, akapiga hodi kwa adabu. Shikamoo mama. Mama kimya. Karani akamsifu mwenye nyumba: una mke mdogo mtulivu, wangu mimi angeshanijibu mara nne. Akakaa karibu aandike. Kugeuka, mbuzi ameshaila karatasi yote ya hesabu na sasa anaitafuna kofia yake. Karani akasimama, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Bwana," akasema, "huyu mke wako mdogo ana kiu ya elimu. Mpeleke shule."

Bonaventura aliisikiliza hadi mwisho kabla ya kuidhinisha.

"Na hatimaye yule mbuzi alihesabiwa?" aliuliza.

Bi Mwanakombo akaushika uzi kwa meno, akaukata taratibu. Alisema hadithi haisemi.

"Basi ina mapungufu," alisema Bonaventura, akaidhinisha kwa muda.

Jumatatu ikafika, na kipimo kikaanza kwa ufanisi mkubwa. Dismasi, mlinzi wa mlango, alikuwa amefundishwa na Bonaventura mwenyewe: usitazame uso, tazama kicheko. Mistari ya chaki ilichorwa sakafuni kutenga lugha na lugha. Shida ilijitokeza mapema. Leonia alipomfikisha mbuzi jikoni kwa Kirundi, Warundi walicheka, Waha wakacheka, wavuvi wa Ujiji wakacheka, hata muuza mkaa aliyekuwa anapita tu nje akalazimika kutua gunia.

Utaratibu ulikuwa wazi. Wote wakafungwa utepe wa njano.

Na kwa kuwa mwenye Kirundi kwa tafsiri ya Kamati ni mkimbizi, wenye utepe wa njano waliambiwa wasubiri lori la kambini. Agnesi wa Kidahwe, ambaye bibi yake alizaliwa Kidahwe akazikwa Kidahwe, alipandishwa lori kwa heshima zote. Alirudi mwisho wa wiki na maharage, unga, ndoo mpya na blanketi. Alikwenda moja kwa moja maktabani kushukuru, akauliza atacheka tena lini.

Wiki iliyofuata Kidahwe nzima ilikuja kucheka.

Bonaventura aliiandikia makao makuu kwamba mwamko wa kusoma umeongezeka kupita matarajio. Kweli, kitabu hakuna aliyekishika bado. Waliokuwa na utepe wa Kiswahili walitamani vitabu vya Kiha, waliotaka Kiswahili walikuwa wameponyokwa na kicheko kwenye Kibembe. Mvuvi mmoja alijizuia kwa lugha mbili ili akachekee kwenye Kifaransa, ambako alisikia vitabu vina picha. Alipofika huko alikuwa amejikaza mno, hakutoa hata mguno, akapelekwa nje kwenye mkeka wa wasio na lugha. Mkewe alikuwa ndani, na utepe wa kijani. Walikuwa wakizungumza kwa ishara kupitia dirishani, kwa sababu Kamati ilikuwa bado haijaamua kuhusu ishara.

Ndipo Mkurugenzi akaja. Treni ilichelewa siku nzima, kwa hiyo ilifika kwa wakati wake. Alikuwa mzee mnene, mpole, jina lake Bwana Anatoli. Alipewa soda, kiti chenye kitambaa, na hotuba. Bonaventura alieleza Kipimo cha Kicheko, mistari ya chaki, na jinsi ambavyo kitabu hata kimoja hakijachanika. Begi lake lilikuwa nyuma ya mlango. Alikuwa amekuja nalo.

"Tunaomba tukuonyeshe kwa vitendo, Mheshimiwa," alisema.

Leonia akasimama. Alimtazama mgeni, akamsalimia kwa Kirundi, halafu akaanza. Mbuzi akavikwa khanga. Karani akapiga hodi. Mkurugenzi akaanza kutetemeka mabega. Leonia alipofika kwenye kofia, Mheshimiwa alikuwa ameshaweka soda chini. Alicheka akapiga makofi kama Muha anayeamkia wakwe zake, machozi yakamtoka, akayafuta kwa kitambaa cha kiti.

"Tulisimuliwa haya kwetu Kasulu," alisema akihema. "Nilikuwa mdogo hivi."

Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama Dismasi, na Dismasi alikuwa anakuja na utepe wa njano.

"Dismasi," alisema Bonaventura kwa sauti ndogo.

"Mkuu, ulisema nisitazame uso." Dismasi akainama, akaufunga utepe kwenye mkono wa Mkurugenzi kwa fundo zuri. "Samahani mzee. Lori linapita Alhamisi. Ndoo wanatoa hukohuko."

Bonaventura alihisi Dar es Salaam ikisogea nyuma, feni na chai na karani wake. Alifikiri haraka, kadiri mtu wa utaratibu anavyoweza. Akisema Mkurugenzi aachwe, sheria yake mwenyewe imevunjwa mbele ya Mkurugenzi. Akisema apande lori, hakuna wa kusaini uhamisho. Akachagua njia ya tatu, ile ambayo ofisi nyingi huichagua. Alinyamaza.

Aliyezungumza ni Mkurugenzi mwenyewe. Aliutazama utepe, akautazama wino mwekundu ukutani.

"Sheria kwa wote. Vizuri sana," alisema. "Mistari hii ulichora wewe?"

"Kwa mkono wangu, Mheshimiwa."

"Na lori ni wazo lako?"

"La Kamati, Mheshimiwa. Chini ya uenyekiti wangu."

Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeonja mboga ya nyumba ya watu. Bi Mwanakombo akaacha kushona.

"Mheshimiwa, mimi ni mtu mzima, macho yangu si mazuri," alisema. "Huyu mwanangu Bonaventura, utepe wake uko wapi? Mbona mkononi sioni kitu?"

Watu wote wakautazama mkono wa Bonaventura. Ulikuwa na saa.

Alieleza kwamba mpimaji kwa kawaida hapimwi. Mkurugenzi akauliza hilo limeandikwa wapi. Halikuandikwa popote, kilichoandikwa ni mkubwa na mdogo. Kwa hiyo Bonaventura akakaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, akapimwa.

Bi Mwanakombo alimsimulia kwa Kiswahili, na hakuwahi kuisimulia vizuri kama siku ile. Alimfanya yule mbuzi akae vibaya, arekebishe khanga, aone haya. Nyuma ya mistari ya chaki watu waliuma midomo. Muuza mkaa alilazimika kutoka nje. Bonaventura alisikiliza kwa makini, na alipoona wengine wanamngoja aliuliza kama karani alilipwa gharama za kofia. Leonia akamjaribu kwa Kirundi, kisha kwa Kiha. Fundi cherehani akamjaribu kwa Kibembe na Kifaransa, akiigiza hadi pembe za mbuzi kwa vidole. Ikawa kama kumsimulia kabati.

"Cheka, mwanangu," alimnong'oneza Bi Mwanakombo, na safari hii hakuwa anatania. "Cheka chochote uende zako Dar."

Bonaventura alijaribu. Alifungua mdomo, akatafuta mle ndani, hakukuta kitu. Dismasi akasubiri muda wa kutosha, kwa maana alifundishwa kutokuwa na haraka, halafu akamshika kiwiko kwa heshima, akamtoa nje hadi kwenye mkeka. Begi akamletea.

Mkurugenzi hakufuta sheria. Alisema ni sheria nzuri, imeshafanya kazi yake, isiguswe, na udanganyifu wa watu wote kwa pamoja hauna wa kushtakiwa. Aliwaomba tu watu waache kuuma midomo. Bi Mwanakombo akaanza mbuzi upya, kwa Kiswahili, Leonia akadakia kwa Kirundi, fundi akaingiza pembe, na mpaka kofia inaliwa, wavuvi, Wakongo, Waha na Warundi walikuwa wamefungwa tepe za rangi zote hadi viwikoni, na mistari ya chaki imefutwa na miguu. Makabati yakafunguliwa yote. Kuhusu mkaguzi, Mkurugenzi alisema akija kuuliza wasomaji wa ziada wanalala wapi, aambiwe hawalali, wanasoma. Alikaa benchi la wenye utepe wa njano hadi jioni, Agnesi akimweleza ndoo zipi ni imara. Uhamisho hakuusaini. Kiti cha Dar es Salaam, alisema kwa huzuni, kinataka mtu mwenye walau lugha moja.

Mtu aliye kwenye mkeka ana haki ya kurudia kipimo kila Ijumaa. Bonaventura ndiye aliyeiandika haki hiyo. Alianza kujizoeza kwenye kioo cha kunyolea. Ijumaa ya kwanza alicheka kabisa, kicheko kikubwa, chenye meno, ila alicheka kabla mbuzi hajaingia. Kikakataliwa. Ijumaa iliyofuata alichelewa, akachekea kwenye salamu za kuagana.

Kwa hiyo bado yuko mkekani, kati ya vichanja vya dagaa na mlango wa maktaba, begi pembeni. Siku moja alisikia ndani watu wanacheka kuliko kawaida. Haikuwa hadithi ya mbuzi. Mbuzi alishamjua hatua kwa hatua. Akamwita Dismasi, akamuuliza ni hadithi gani.

"Mpya, mkuu. Kaitunga Bi Mwanakombo. Ya mtu mmoja na begi lake." Dismasi akatazama mlango. "Zaidi ya hapo siruhusiwi kukwambia. Inasimuliwa kwa lugha."

Bonaventura alikubali kwa kichwa. Utaratibu ulikuwa umefuatwa. Akafikiri kidogo.

"Na hilo begi," aliuliza, "lilihesabiwa?"

Ndani walimsikia. Kicheko kilichotoka mle kiliwarusha kunguru wote kutoka kwenye vichanja, na hata Dismasi, aliyefundishwa akafundishika, hakuweza kusema kilikuwa cha lugha gani.