Kompyuta ya Sheila Imenyamaza

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Migori.

Kikundi chetu cha wasioona kinatafuta mwalimu wa kompyuta. Lazima niwe mimi. Shida ni Mellen, mwenyekiti. Yeye pia haoni, na huwafundisha watu Windows pamoja na NVDA, ile programu ya bure inayosoma skrini. Wanamwelewa, jambo linaloniudhi. Nikibaki kwenye Windows nitakuwa wa pili milele.

Kwa hivyo leo kikaoni nimetangaza kwamba mfumo wetu ni Linux, ule wa bure unaoshika nafasi ya Windows. Nikasema Windows 10 inakaribia kuachwa na kampuni yake, na mashine zetu kuukuu zitaachwa nayo. Hilo ni kweli, ndiyo maana nililisema kwa sauti kubwa. Mellen akauliza nimeitumia Linux kwa muda gani. Nikajibu wa kutosha. Niliigusa mara moja kwa binamu yangu.

Baadaye Sheila, mwanachama mwenzetu, akanishika mkono, akaniita Mwalimu. Anataka nimhamishie kompyuta yake kwenye Linux, akaniachia. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Jumanne, 9 Septemba.

Alichokuwa hajamaliza kusema ni hiki: Alhamisi ana mtihani wa kazi Homa Bay. Kuna ofisi inatafuta mtu wa kusikiliza rekodi za mikutano na kuziandika, na kila mtu anakuja na kompyuta yake. Ametafuta kazi tangu amalize chuo. Lakini nikirudisha mashine, Mellen atasikia.

Nikamwita Boaz, jirani anayeuza makaa, aniazime macho. Macho ya Boaz ni mazima, ila hajui ni nini cha kusoma. Alinisomea saa. Alinisomea betri. Nikauliza kama kuna swali lolote kwenye skrini. Akasema lilikuwepo, refu, la Kiingereza, lakini ameshalijibu ndiyo. Lilihusu nini? Kufuta kitu fulani, akasema.

Jioni Linux ikaingia. Boaz anasema kuna picha nzuri ya milima. Sauti hakuna.

Jumatano, 10 Septemba.

Sijalala vizuri. Boaz alipiga wimbo wa kwaya kwenye mashine, kwa hivyo spika ni nzima. Kinachosoma skrini ndicho kimezimwa, na sijui kinawashwa vipi. Mellen huenda anajua. Siwezi kumuuliza Mellen.

Saa za mchana, baada ya kubonyeza kila kitu, sauti ikatoka. Ilikuwa lugha ngeni. Boaz akakiri kwamba alipoulizwa lugha alichagua ya juu kabisa kwa sababu ilikuwa karibu. Akadhani labda ni Kikuria. Tukamwita Gisiri, fundi wa viatu, ambaye ni Mkuria. Alisikiliza kwa heshima, kisha akasema si Kikuria, ila huyo mtu amekasirika.

Nikajaribu kubadilisha lugha. Ikanyamaza tena.

Sheila akapiga simu kuuliza mashine yake. Nikasema inapumzika. Akauliza kama ampigie Madam Mellen. Nikakataa haraka mno. Chakula cha jioni sikukigusa.

Alhamisi, 11 Septemba. Homa Bay.

Asubuhi nilimrudishia Sheila mashine, nikasisitiza kumsindikiza. Mpango wangu ulikuwa kulaumu stima, kwamba umeme umekatika.

Afisa wa mtihani anaitwa Bwana Omanga. Akawaambia watahiniwa waanze. Sheila akafungua mashine. Kimya. Akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Nikasikia pumzi yake ikibadilika. Nikakohoa, nikaanza kueleza habari ya stima, Bwana Omanga akanijulisha kwamba stima ipo.

Sheila akafunga mashine polepole. Akaomba kompyuta yoyote ya ofisi. Ilikuwa na Windows. Akabonyeza vitufe kadhaa na msomaji wa skrini aliye ndani ya Windows yenyewe akaanza kuongea. Mimi nilikuwa nimesahau kwamba yupo. Sheila akaandika rekodi yote.

Nje nikampongeza, nikasema tumefaulu.

“Kazi zangu za chuo ziko wapi, Motari?”

Hakuniita Mwalimu. Nikanong'ona kwamba Boaz alijibu ndiyo. Akasema ni bahati kwamba Madam Mellen alimlazimisha kuweka nakala zote kwenye flashi. Nikamshukuru Mungu. Halafu nikamkasirikia Mellen.

Jumapili, 14 Septemba. Migori.

Sheila amepata kazi. Ofisi ilimpigia Ijumaa, kabla jua halijatua na Sabato kuingia. Leo kikundi kimemchagua Mellen kuwa mwalimu. Amesharudisha Windows ya Sheila. Akawaambia watu kwamba Linux si mbaya, hasa kwa mashine kuukuu, mradi mtu ajifunze kwanza. Edinah, mweka hazina, akauliza kama kuna anayeweza kufundisha hiyo. Nikainua mkono haraka. Nikaukaza juu mpaka bega likauma. Kisha nikakumbuka ni kikundi cha wasioona.

Nimerudi nyumbani nikiwa na huzuni, lakini simu imelia. Ni Jacktone wa Sindo, haoni, amesikia kwamba kuna mtaalamu wa mifumo Migori. Nimemwambia alete kompyuta yake kesho asubuhi. Akasema yake inafanya kazi vizuri, haina shida yoyote.

Nimemweleza kwamba hiyo ndiyo dalili ya kwanza.