Unga wa Vitamini Kumi na Nne

Mjini walimwita Profesa, ingawa shule aliyohitimu kwa uhakika ni ya kuwakimbia wenye nyumba. Siku hiyo alikuwa nyuma ya mashine ya kusaga, akitazama pumba zikigawiwa bure kwa wafuga kuku, wazo likamjia. Juzi yake alisikia akina mama kliniki wakilalamika kwamba watoto wa vijijini hawaongezeki uzito. Mtu mwingine angesikitika. Profesa aliona mtaji.

Akachanganya pumba na sukari kiduchu. Ili zionekane zina afya, akatia rangi ya chungwa, ile rahisi kuliko zote dukani. Akafungasha kwenye mifuko iliyoandikwa "Vitamini Kumi na Nne", yenye picha ya mtoto mnene iliyokatwa kwenye tangazo la sabuni. Akaazima pikapu, akavaa koti jeupe, akawa daktari kabla ya saa nne.

Hakuuza. Alibadilishana: mfuko mmoja kwa debe la maharage. Yaani mtoto aliyekonda anyang'anywe chakula chenyewe, apewe pumba, na maharage yaende mjini kwa watu ambao shida yao ni suruali kutofunga. Msomi wetu aliita hiyo huduma.

Vijiji viwili viliingia mkenge. Cha tatu kilikuwa cha wasuka mikeka. Alipokelewa na mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, bibi aliyeitwa Mama Mizani kwa sababu ndiye aliyepima watoto kila mwezi.

"Karibu, daktari. Watoto kumi na mmoja hapa wako chini ya mstari wa uzito. Kweli unga huu utawanyanyua?"

"Mama, wiki mbili tu, utawabeba kwa shida."

"Basi tuupike tuone."

Uji ulipochemka, povu likapanda, chungwa kali. Wanawake wakatazama sufuria, kisha wakatazama vidole vyao, ambavyo vilikuwa na rangi ileile tangu asubuhi. Mama Mizani akajaza bakuli.

"Kwetu chakula kigeni cha watoto huonjwa na aliyekileta. Mabakuli matatu."

"Aa, mama, mimi nimeshiba."

"Umeshiba nini, mwanangu, na koti linakuning'inia hivyo? Kunywa. Madebe ishirini ya maharage yanakungoja pale."

Profesa akayatazama madebe, akafumba macho, akanywa. Bakuli la kwanza likashuka. La pili likagoma kooni.

"Mama, basi. Hii rangi si ya kula."

"Tunajua. Tunatilia mikeka." Sauti yake haikupanda. "Huko ulikotoka, watoto wameshaanza kuinywa?"

"Nimewaachia leo hii asubuhi."

"Washa gari."

Mama Mizani akakaa mbele. Wenzake wanne wakakalia maharage nyuma. Katika vijiji vile viwili, Profesa akabeba madebe kichwani nyumba kwa nyumba, akirudisha maharage na kukusanya mifuko yake, huku kila baada ya nyumba mbili akiomba kuelekezwa choo. Nyumba ya mwisho uji ulikuwa umeshapakuliwa, mtoto ameshika kikombe. Mama Mizani alikichukua, akamwaga uji, akamkalisha mtoto mapajani mpaka maharage yalipobandikwa jikoni.

Pikapu ikabaki tupu. Profesa, midomo ikiwa bado ya chungwa, akathubutu:

"Mama, hata mafuta ya kunirudisha mjini? Nimepata hasara siku nzima."

"Hasara gani, mwanangu? Wenzako walitoa debe zima kwa mfuko. Wewe umekunywa bure."