Mwenyekiti Aeleza kwa Nini Brauza ya Mwalimu Kivuva Haifungui Kurasa

Bwana Chifu, Naibu wako, Wazee wa mitaa, Mashehe na Wachungaji, Walimu Wakuu wa shule zenye madawati na zisizo na madawati, Viongozi wa vikundi vya kina mama, Wageni waalikwa, Wageni waliojialika, Mwalimu mstaafu Kivuva na Mama Syovata ambao tumeketi uani kwao hapa Matuga bila kuwauliza, na nyinyi wananchi watukufu mliokuja kwa hiari yenu baada ya kufuatwa majumbani na askari wa utawala: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na shikamooni wale mnaostahili. (Makofi machache.)

Mimi, Japheth Mramba, Mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Projekti ya Intaneti Mashinani, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha, unyenyekevu na ripoti. Kama mnavyofahamu, Jumamosi iliyopita niliifungua rasmi Projekti hii, ili mwaka 2000 usitukute gizani, nikaifungulia katika sebule ya nyumba hii, mbele ya kompyuta iliyomo humo. Na tangu saa ile ile, kwa sababu zinazowafurahisha wapinga maendeleo, kila ikifunguliwa brauza, yaani ile programu ya kutazamia kurasa za intaneti, inaandika kwamba ukurasa hauwezi kuonyeshwa. (Minong'ono.) Ndugu zangu, kauli hiyo haina adabu. Mtu anapiga hodi kwa heshima zake, anajibiwa hapana, wala hakaribishwi hata kiti.

Kamati yangu haikulala. Tuliizima kompyuta, tukaiwasha, na tulipoona imeshikilia msimamo wake tulikwenda semina ya kitaalamu ya siku tatu katika hoteli moja kule Diani, ambako kompyuta haikuwapo lakini bufee ilikuwapo, na baada ya tathmini, stratejia na samaki wa kupaka, wajumbe wakaazimia kwa kauli moja kwamba kile kitambaa alichokifuma Mama Syovata na kukitandika juu ya kompyuta kiondolewe, kwa kuwa kinaizuia kuona mbali. (Kicheko.) Kimeondolewa. Tukakigeuza kioo cha kompyuta kielekee Nairobi. Tukabonyeza kitufe cha kuuita ukurasa upya mpaka kitufe chenyewe kikazama. Ninavyozungumza, asilimia tisini na nne ya hitilafu imeshughulikiwa, na ile sita iliyobaki ndiyo inayozuia isifanye kazi.

Hapa sharti nimtaje binti wa nyumba hii, Dianah, aliyepata nafasi katika chuo cha uuguzi ng'ambo, na ambaye anatakiwa ajibu kwa barua pepe leo hii, la sivyo nafasi yake atapewa mwingine. Jana alitaka kwenda Mombasa kutafuta intaneti ya huko. Nilimzuia mimi mwenyewe, tena kwa upole, kwa kuwa msichana wa Matuga akionekana anavuka feri ya Likoni kufuata intaneti ilhali Projekti iko sebuleni kwao, sisi viongozi tutatazamwa vipi? Aliketi kitako, akalia kidogo, akanielewa.

Wapo wanaonong'ona kwamba Projekti ilianza vibaya. Si kweli, ilianza kwa utaratibu. Mgeni wa heshima, ambaye nilikuwa mimi, hawezi kufungua kitu bila kukata utepe. Hata choo cha soko la mifugo kule Kinango nilikikatia utepe. Sasa utepe wa siku ile ulikuwa kwenye bajeti ya mwaka ujao. Kiongozi asiye na ubunifu angeahirisha shughuli. Mimi nikaona waya mwembamba wa kijivu, umetoka dirishani ukakatiza mbele ya mlango wa sebule, umenyooka vizuri, nikaomba makasi ya Mama Syovata, nikaukata kwa mkato mmoja, nanyi mkapiga makofi. (Mwalimu Kivuva asimama na kueleza kwamba huo ulikuwa waya wake wa simu, na kwamba intaneti hupitia humo humo.)

Asante, Mwalimu. Hoja yako imepokelewa, nayo itaundiwa kamati ndogo. (Mama Syovata, bila kupaza sauti: "Bwana Mwenyekiti, hiyo kompyuta ya Projekti iko wapi, mwanangu aitumie leo?") Swali zuri hilo, mama, na lingejibiwa vyema zaidi na wahusika. (Gari laondoka kwa kasi.) Msishtuke, hilo ni gari langu. Naarifiwa kwamba dereva wangu, Kalama, amempakia Dianah na wameshika njia ya Likoni kwenda Mombasa. Ruhusa hiyo nimeitoa sasa hivi, baada ya wao kuondoka. (Makofi marefu, vigelegele, watu wote wamesimama.) Asanteni. Ketini. Naona hotuba imewagusa.

Intaneti mashinani! Hitilafu ziishe! (Mtu mmoja akohoa.)

Nihitimishe kwa shukrani. Mama ameuliza kompyuta ya Projekti iko wapi, nami si mtu wa kukwepa. Haipo. Ofisi haipo, karani hayupo, na hiyo Projekti mimi mwenyewe huiona kwenye hotuba tu. Kwa hiyo naishukuru kwa dhati familia ya Mwalimu Kivuva, kwa kompyuta yao, simu yao na makasi yao, maana bila wao Projekti hii isingekuwa na hata kitu cha kukata.